Kioo Kisichosoma Mkono Wangu

Jumatatu, 2 Juni 2003

"Mashine iko sawa, mzee. Ni mkono imezeeka." Ngui huyo, mwalimu mwenzangu, leo, mbele ya walimu wote. Wakacheka. Nilimjibu hapo hapo, na jibu naliweka hapa lisipotee. Sijafika hata hamsini na tano. Mkono huu umeandika makala za magazeti tangu Ngui akivaa kaptula. Hii kompyuta ya mkononi, ya kuandikia kwa kijiti juu ya kioo, ndiyo inayotaka nisahau nilivyofunzwa: A bila mstari wa katikati, K kama samaki! Nikitumikie kioo? Kioo ndicho kijifunze mwandiko wangu.

Binti yangu Valerie aliniletea Krismasi. Nakubali, ina faida. Kalenda inalia kabla ya mkutano, namba za simu zote mfukoni, na nikiiunganisha na kompyuta ya shule makala inaingia yenyewe. Lakini siku hizi inatoa takataka.

Jumatano, 4 Juni

Niliandika "maji". Ikasoma "nnoj". Nikarudia polepole — "mqji". Nimepangusa kioo, nimebadilisha betri. Basi. Nimeanza makala dhidi ya vifaa hivi. Kali! Naiandika kwenye karatasi.

Jumamosi, 7 Juni

Kajiado, mkutano wa maji. Nilipewa kazi ya kuandika maazimio. Mwenyekiti amefika la nne, mimi bado nafuta la kwanza. Naisula, katibu wa kamati, ameketi kando yangu. Akaomba kile kijiti cha kuandikia. Hajawahi kugusa kifaa kama hiki. Nikamwonyesha zile herufi. Akaandika salamu ya kwao, "Sopa mwalimu". Ikatoka hivyo hivyo, bila kosa. Akatania kwamba kumbe mashine inajua Kimaasai. Kisha akauliza kama nasikia baridi. Jua lilikuwa kali. Nikaficha mkono chini ya meza.

Nyumbani Noonkopir nimefungua niliyoandika humo Januari. Safi kabisa. Kioo kilekile, mwandishi yuleyule. Angekuwa mtu mwingine anayebishana nami, ningemuuliza: basi kilichobadilika ni nini?

Jumapili, 8 Juni

Valerie amekuja kula nasi. Aliniona nikimimina chai. Akafuta chai iliyomwagika mezani. Baadaye: "Baba, hii kitu imeharibika. Si wewe. Nitaipeleka Nairobi iangaliwe." Nikamwambia imemsoma Naisula vizuri. Akasema labda ilibahatisha. Akatoka na simu, akaongea muda mrefu kando ya tangi, amenipa mgongo.

Jumanne, 10 Juni

Ngui amekuja mezani kwangu. Hakunitania. Alisema nilisema kweli, mashine hizo ni bure, hata binamu yake alirudisha yake dukani. Ngui! Tumebishana kuhusu katiba, chaki, bei ya nyanya — hajawahi kunikubalia hata nukta. Leo amenipa ushindi nisiouomba, na akajitolea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Nikajua Valerie alimpigia nani.

Ile makala bado iko hapa. Hoja zake zote zimesimama, ila ile moja: kwamba kosa ni la kioo.

Naangalia ukurasa huu wa daftari. Mistari ya juu ni mikubwa. Hii ya chini imekuwa midogo kama siafu, na kalamu ni ya kawaida, haina betri.

Valerie. Ngui. Acheni kunikubalia. Nibishieni kama zamani. Njooni, mkae hapa mbele yangu, mseme kile mlichosema kwenye simu —