Omwenga, Hukulala Kazini

Mwaka umetimia, Omwenga, tangu ziwa likumeze pamoja na Sondu, ile meli kuukuu ya chuma uliyoilisha moto kwa miaka kumi na tisa.

Meli hiyo ilikuwa imemzidi mama umri. Ililetwa Kisumu vipande vipande kwa treni, ikaunganishwa, ikabeba pamba ya Mwanza na kahawa ya Bukoba mpaka ikachoka. Ukija likizo hapa Mogogosiek, ulikuwa huwezi kupita kiwanda cha chai bila kuingia kwa boila kuwasumbua vijana: “Msirundike kuni! Moto nao unataka kupumua.” Walikucheka, wakakuita Bwana Mvuke. Ulifurahi.

Krismasi ya mwisho ulituambia, “Nikigonga ubavu wa meli na nyundo, chuma hakilii tena. Ni kama nagonga mkate.” Uliwaambia wakubwa. Badala ya bamba jipya walimwaga saruji ndani, wakapaka rangi nje, wakawatuma Bukoba na shehena kamili. Hamkufika.

Fundi wako Jonah alikuja matanga. Alikula ugali wa mama, akalia, akasimama mbele ya kanisa: “Mama, saruji ilibomoka, maji yakaingia. Huyu mtoto wako alibaki chini kutoa mvuke boila isilipuke, ndiyo sisi tukapata nafasi ya kuruka. Nitasema hivyo popote.”

Kumbe popote si Kisumu. Kwenye uchunguzi, sisi tukiwa tumekaa pale pale, alisema ulilala kazini, maji yakaingia hukuona. Ikaandikwa hivyo. Leo yeye ni fundi mkuu wa meli nyingine. Siku ile ya uchunguzi ndugu yako Makori alimfuata nje: “Jonah, kwani ugali wa mama ulikukosea nini?” Akajibu, “Bwana Makori, maiti hafutwi kazi.”

Hafutwi, kweli. Lakini watoto wako wanaitwa shuleni watoto wa mzamisha meli, na mama amewakataza wazee wasizike shina la mgomba badala ya mwili wako ambao ziwa halikuurudisha. “Nizike usingizi?” anawauliza. “Mwanangu alikufa akiwa macho.”

Nyinyi mliookolewa mko tisa, na gazeti mnasoma. Mama yuko nyumbani kila siku isipokuwa Sabato. Njooni mmwambie mlichoona. Hata mmoja atatosha. Shimo tumeshalichimba.

Unakumbukwa na mama yako Yunia, mke wako Bilhah, watoto wako Phelis na Nyakundi, na ndugu yako Makori. Katika nyumba hii hutasahaulika kamwe.