Husuni Yetu

Xiaobei, Jumanne usiku

Simu hii nitaitupa mtoni siku moja. Mimi nimeandika husuni, yaani ngome, yenyewe ikajirekebishia huzuni, nami nikatuma bila kusoma.

Kanga za harusi ya mdogo wangu Mwanaisha! Kwenye mji wa kanga, pale katikati, nilitaka Husuni Kubwa, lile jumba la kale la masultani juu ya jabali kwetu Kilwa, na chini yake: HUSUNI YETU NI MAPENZI. Zingetoka HUZUNI YETU NI MAPENZI, na mawifi wangepata la kusema mpaka kiama.

Aliyeniokoa ni mama mwenye duka, kule soko la vitambaa la Zhongda. Kabla ya kuchapisha aliyatafsiri maneno kwa simu yake, akaniita. “Pengyou,” akasema, maana ndivyo anavyoniita, yaani rafiki kwa Kichina. Kisha simu yake ikamalizia kwa Kiswahili: “Nani amekufa? Nyumba imebomoka, maneno ya huzuni. Nilidhani msiba.”

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya majora. Tukabadilisha ile herufi. Angeweza kuchapisha tu, asingepungukiwa kitu.

Lakini hakuridhika. Akagusa picha. “Bibi harusi, nyumba bila paa?”

Nilitaka kumweleza kuwa ni magofu, kwamba mimi na Mwanaisha tumekua tukiyaona hivyohivyo. Kisha nikakumbuka mdogo wangu anavyoiogopa ndoa hii, jana tu alikuwa akilia kwenye simu, na...

Nikamwambia, ezeka.

Akachora paa jekundu, ncha zimepinda juu kama za kwao. Mungu amlinde yule mama. Husuni imekaa karne na karne bila paa, imekuja kuezekwa Zhongda.