Swichi ya Mwisho

Mwikali, mkaza mwanangu,

Mbaazi zimeiva, zipashe tu. Tui zito limo bakulini, litie mwisho, lisije likakatika. Mwambie mumeo Mwaro aje na mahamri akitoka kazini.

Nimekwenda Takaungu kwa dada yangu kutafuta miyaa, nisuke kawa jingine la kufunikia chakula. ~~Nitalala huko huko.~~ Nitarudi kabla ya magharibi.

Lile lililoungua asubuhi halikuniuma. Nililisuka mwenyewe, nitasuka tena. Kwenye jiko letu la zamani, swichi ya mwisho ilikuwa ya moto wa mbele. Hili jipya ulilotuletea linafanana nalo kama pacha, lakini swichi hiyohiyo inawasha moto wa nyuma, na nyuma ndipo ninapoweka kawa siku zote. Mkono ulikwenda ulikozoea.

Kilichoniuma ni wewe kuniambia mbele ya mwanangu, "Mama, wewe kaa sasa, nitapika mimi." Kana kwamba nimeanza kupotewa na akili.

Halafu ukaja kunifundisha. Ukateleka chai mbele, ukazungusha swichi ya mwisho, ukaenda zako kuoga. Moto ukawaka nyuma, pasipo na kitu juu yake. Nikauzima, nikawasha wa mbele. Uliporudi ukanywa chai ya moto na kuisifu.

Nimetia doa la rangi ya kucha kwenye swichi ya moto wa mbele. Rangi ni yako, usiitafute.

Na kama ni kukaa, basi tukae sote wawili, apike Mwaro.

Mavyaa wako