Siku walinibeba na siku walinitoa golini

Mujukuu wangu Amani,

Wote wa Mbugangari wanakusalimia, na wote wa Goma uwasalimie. Kaka yangu mukubwa, yaani babu yako mwenyewe, ni muzima na bado analalamikia vitunguu vyake. Mi nimekupita miaka sita tu, lakini kiukoo niko babu yako, donc, yaani kwa hiyo, usicheke, soma.

Umeuliza: umefungwa mabao manne, roho inakuambia umecheza vizuri, wenzako wanakuita kikapu. Nani anasema kweli?

Sisi pia, wavuvi wa Nyamyumba walitufunga mabao matatu. Siku hiyo nilidaka mipira ambayo hata paka hangeifikia. Mechi ikaisha, kapiteni wetu Safari akanifuata.

"Toka golini. Umetuuza!"

"Sitoki! Leo nimecheza vizuri kuliko siku ile mulinibeba mabegani."

"Siku ile tulishinda, we mujinga!"

"Mulishinda, ndiyo. Mi nilifunga macho, mupira ukanigonga goti ukatoka. Nilinyamaza kwa sababu mulikuwa munaimba jina langu."

Nikajua nimewaweza. Safari akacheka: "Bon, sawa. Kumbe hata siku ile haukufaa."

Akaniweka benchi mechi mbili. Glovu zilikuwa zangu, nikakaa pale nimezivaa, niwaudhi. Kipa mupya alipofungwa bao la kwanza, kapiteni alimufokea. Yeye hakumwangalia kapiteni. Aligeuka akaniangalia mimi, anataka kujua kama ni kosa lake.

Nikamutikisia kichwa: hapana.

Babu yako mudogo, kipa,
Fiston