Vibao vya Bustanini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimepoa. Sisi huku wazima wa kuungaunga. Mimi bado nashona sare za shule, vidole vimejaa matundu ya sindano. Ningekupigia simu, lakini kila nikimtaja Mama unakata. Barua haikatiki, labda uichane, nami nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho.

Nilimpeleka Mama likizo, siku nne, kwenye ule mji alioutamani tangu ujana wake. Daktari alinishauri nimpeleke mapema, maana kusahau kwake kunazidi kila wiki. Siku ya kwanza alitumbukiza kitana ndani ya birika la hoteli, kisha akamsuta mhudumu kwa kuleta chai yenye nywele. Tulicheka wote watatu. Kicheko cha safari nzima kilikuwa hicho tu.

Siku ya mwisho, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, tulipita kwenye ile bustani ya mimea ambayo kila mgeni lazima aione. Watu walijaa pomoni, wanajipiga picha. Mama hakutazama ua hata moja. Kila mmea pale una kibao kidogo chini yake, kimeandikwa jina. Yeye akawa anainama kibao kwa kibao, anafuata herufi kwa kidole, nami namhimiza kwamba ndege haitatungoja. Nikadhani amependa yale majina ya ajabu ajabu. Kumbe alikuwa anatafuta kaburi la mwanao.

Aliponiambia hivyo, niliacha kumhimiza. Nikamkalisha kwenye benchi. Akanishika mkono, akaniita kifungua mimba wake, akaniomba radhi kwa kutokuja kumzika mjukuu wake. Akasema alikufukuza na mimba yako, halafu akaacha mtoto azikwe bila bibi yake. Alilia mpaka mtunza bustani akaweka chini mpira wa maji, akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Dada, nilijifanya ni wewe. Nikamwambia nimemsamehe.

Kwenye ndege alikuwa mtu mwingine. Alimweleza abiria wa pembeni, mara tatu, kwamba binti yake mkubwa amemsamehe, na yule bwana akampa hongera mara tatu kama ndiyo kwanza anasikia. Mimi nilikuwa nimegeukia dirishani, nalia. Utadhani nililia kwa sababu ya uongo wa bustanini. La, ninao mkubwa kuliko huo.

Asubuhi ya mazishi Mama alinipigia simu. Alisema yuko ndani ya basi, anakuja, nikwambie msifukie mpaka afike. Sikukwambia. Nilikuwa na hasira naye kwa jinsi alivyokutoa nyumbani, nikasema moyoni, na yeye aonje. Alifika saa tisa, kaburi limeshafunikwa, watu wametawanyika. Nilimkuta langoni mwa makaburi, nikamwambia wewe ndiye uliyekataa kumsubiri. Aligeuka akarudi kituoni na shada lake mkononi.

Miaka kumi na moja umeamini kwamba hakuja, naye akaamini kwamba humtaki. Mimi katikati nikila chakula chake na kusoma barua zako, kimya. Nilianza kwa hasira, nikaendelea kwa woga. Sasa ile safari ya basi imemtoka kichwani, kilichobaki ni aibu ya kosa ambalo hakulifanya. Nimejaribu kumweleza ukweli, akanipigapiga begani, akasema nisijali, kifungua mimba wake ameshamsamehe.

Mimi sikuombi unisamehe leo. Nichukie unavyotaka, nimestahili. Ila njoo umwone. Jumanne aliniuliza mimi ni nani. Jina lako bado analijua.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu wote.

Mama anakusalimu. Ameniagiza nikwambie anakungoja. Safari hii nimekwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba