Kitambaa cha Kijani Kidoleni

Palma, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na Mtwara inakutunza. Sisi wazima. Mdogo wako, mama mdogo Cadija, anakusalimu. Eda yake imebaki siku kumi na tisa.

Mwalimu wetu, professor Inácio, alitupa simu ya shule, kila mmoja siku yake, tupige picha njiani bila kumpanga mtu. Alisema mtu akiambiwa asimame, huyo si yeye tena.

Jumatatu mvua ilishuka ghafla sokoni. Watu wakakimbia, ila mwanamke mmoja, uso mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wa kujipamba, alibaki katikati ya njia akicheka, msiro ukimchuruzika shingoni. Nikapiga. Professor aliichagua iende kwenye maonyesho ya jimbo letu, mjini Pemba, nami niende nayo. Akaichapa, akaibandika ukutani.

Hapo ndipo nilipokiona kidole. Kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kijani, kilekile nilichomfunga mama mdogo asubuhi ile alipojikata akipara samaki.

Nilimuuliza, hakukana. Alisema amechoka kutazama kuta, akatoka kuona watu tu. Nani angemtafuta mjane ndani ya msiro? Mama, unajua mwenye eda hajipambi. Na shemeji yake Abudo ameshasema mbele ya wazee kwamba akivunja eda, nyumba ya marehemu kaka yake anaichukua. Tutakwenda wapi?

Jana Abudo alikuja shuleni kumfuata bintiye, Zainabo. Akasimama mbele ya picha. Akacheka, akasema bibi huyu kama hana mume, basi yeye Abudo aitwe haraka amuoe. Zainabo hakucheka. Alikitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

Sasa nakiri, mama. Walipoondoka niliibandua, nikaifuta na kwenye simu. Nilimwambia professor kwamba upepo umeichukua na simu imeharibika. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma. Pemba ataenda mwenzangu wa darasani, Hermínio. Leo Zainabo amekaa karibu nami, akanimegea muhogo wake.

Lakini sikuichana. Nimeishonea ndani ya pindo la kanga anayokuletea jirani yetu Sónia. Tangu baba mdogo Hamido afariki, sijamwona mdogo wako akicheka hivyo. Mtazame, mama, kisha uichome wewe. Mimi mkono umekataa.

Wasalimie wote waliokupokea huko.

Mwanao,
Rachida