Kadi ya Nangila

Ijumaa, 15 Agosti 2025
Kesho Nangila wangu anakimbia mbio za ramani, milima ya Kisian. Miaka kumi na saba tu, anasoma ramani kama mimi navyosoma bei ya omena sokoni! Mtaa wote wa Obunga wanajua — nimewaambia mwenyewe. Leo mwenyekiti wa mbio, Wechuli, ametuita wazazi. Anasema mbio ni masaa matatu, mwisho saa saba. Umemaliza, hujamaliza, unarudi mezani na kadi, ndio wajue umetoka mlimani. Amerudia mara tatu akiniangalia mimi! Nikamwambia, hiyo ya hujamaliza ambia Nelima na mtoto wake. Watu wakacheka. Nelima hakucheka.

Jumamosi, 16 Agosti
Saa saba ikapita, mtoto sioni. Nelima naye: "Mama Nangila, huyo wako ameenda kununua ramani ingine?" Mdomo huo! Nikateremka mpaka barabarani. Ndiye huyo anatoka vichakani, goti damu, analia. Alipotelea bonde moja. Ananiambia, Mama, ngoja nirudishe kadi. Nimpitishe mbele ya Nelima hivyo? Thubutu! Nikasimamisha boda, tukapanda, nyumbani. Nimemchinjia kuku. Wechuli amepiga simu mara kumi na mbili. Nimezima. Anataka kunicheka tu.

Jumapili, 17 Agosti
Wechuli amekuja hadi mlangoni. Kiti amekataa. Eti walimtafuta Nangila mpaka jioni, na Mwalimu Tom, yule mzee aliyemfundisha dira, ameteleza kwa mawe akavunjika nyonga. Yuko wodini. "Sisi tunaita jina lake bondeni, Mama, na yeye anakula kuku!" Nikamuuliza, nani aliwatuma? Si mngeuliza? Akasema, simu kumi na mbili ni nini? Nikamfungia mlango. Kunipigia kelele kwangu!
Nangila alisikia yote. Kuku iliyobaki hajagusa.

Jumatatu, 18 Agosti
Asubuhi Nangila amebeba uji, anampelekea Mwalimu Tom. Saa sita kamili nitakuwa nimerudi, Mama. Na huyo akisema saa ni saa.
Sasa ni saa nane na nusu. Simu yake imezimwa. Nimempigia mke wa mwalimu. Alitoka hapa wodini saa nne, anasema — anaenda kutafuta dira ya mzee iliyoanguka kule bondeni. Peke yake! Na mvua imefunga upande wa Kisian. Mimi hilo bonde silijui hata linaanzia wapi, Nyasaye, Mungu wangu.
Wechuli analijua.
Nimempigia mara kumi na mbili. Hapokei. Hii ni ya kumi na tatu, simu nimeiweka hapa kando ya kitabu. Inaita.